Wazazi Walikishtaki, Watoto Wakakificha Chini ya Mto: Kisa cha Kitabu cha Kutisha Kilichogawa Wasomaji

Wadau, leo twende Marekani kidogo. Chama cha Maktaba cha nchi hiyo, ALA, kina ofisi inayokusanya taarifa za watu wanaotaka vitabu fulani viondolewe kwenye maktaba na mashule. Walipojumlisha malalamiko yaliyowafikia kuanzia 1990 mpaka 1999, namba moja hakikuwa kitabu cha siasa wala cha mambo ya chumbani. Kilikuwa mfululizo wa hadithi fupi za kutisha za watoto. Unaitwa Scary Stories to Tell in the Dark, yaani hadithi za kutisha za kusimulia gizani.

Namba moja kati ya mia, jamani. Goosebumps, ile ambayo wengi tunaijua kwa filamu na TV, ilikaa namba 15.

Sasa kichekesho ni kwamba wakati wazazi wanaandika barua kitabu kiondolewe, watoto wao walikuwa wanakisoma kwa tochi chini ya blanketi. Mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 7. Kitabu ni kimoja, wasomaji ni wa aina mbili, na maoni yao hayakutani popote. Huo ugomvi ulichukua kama miaka 30 kuisha, na ulivyoisha ndicho kilichonifanya niandike hii.

Jamaa aliyeokota stori za watu

Mwandishi anaitwa Alvin Schwartz, kazaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1927. Alianzia kwenye uandishi wa habari, baadaye akahamia kwenye vitabu. Kitu alichokipenda ni maneno ya watu wa kawaida: mizaha, mafumbo, imani za ajabu ajabu, misemo ya kukunja ulimi. Alikuwa anayakusanya, anayasafisha, anayaandika upya kwa lugha ambayo mtoto anaielewa.

Mwaka 1981 akatoa mkusanyiko wa kwanza wa hadithi za kutisha. Wa pili ukafuata 1984, wa tatu 1991. Hadithi zenyewe ni fupi kweli kweli, nyingine ukurasa mmoja au miwili imeisha. Na nyingi hakuzitunga yeye. Nyuma ya kila kitabu aliweka maelezo ya wapi kazitoa, nani walikuwa wanazisimulia, na vitabu gani alivisoma. Kwa kitabu cha watoto hiyo ni kazi kubwa sana, na watoto wengi waliruka hizo kurasa bila kujua kama zipo.

Ili uelewe ni stori za aina gani, fikiria zile zetu za barabarani. Unaijua ya yule dada mrembo wa usiku, jamaa anamchukua, anafurahi kapata mtoto mkali, halafu anaangalia chini anakuta miguu ni kwato. Kila mji wa Pwani una hiyo stori, kila anayesimulia anamjua mtu aliyemjua mtu aliyekutana naye, na hakuna anayejua nani aliianzisha. Wamarekani nao wanazo zao, na ndizo Schwartz alizoziokota.

Kuna ya vijana wawili wapenzi wamepaki gari sehemu ya giza, redio inatangaza kuna muuaji katoroka, mkono wake mmoja ni ndoano ya chuma. Msichana anaogopa, wanaondoka. Kufika nyumbani wanakuta ndoano inaning'inia kwenye kitasa cha mlango wa gari. Kuna ya msichana aliyeambiwa na wenzake kama si mwoga aende makaburini usiku, asimame juu ya kaburi na kuchomeka kisu. Akaenda, akachomeka, akataka kuondoka, akahisi kitu kimemshika. Wenzake wakamkuta amekufa. Kumbe kisu kilipita kwenye sketi yake mwenyewe, kikamkaza pale pale.

Nyingine ni za zamani zaidi. Ile ya maiti inayokuja kudai kiungo chake ina ndugu wengi. Mark Twain mwenyewe alikuwa anasimulia stori ya mkono wa dhahabu mbele ya watu, na mchezo ni ule ule: unaanza taratibu, unashusha sauti, unashusha tena, halafu mwisho unamrukia aliye karibu yako na kupiga kelele. Schwartz aliandika mpaka maelekezo ya msimuliaji, wapi anyamaze na wapi amrukie mtu. Yaani kilikuwa kitabu cha kusoma, na pia cha kujifunzia kuwatisha wenzako.

Tatizo lilikuwa picha

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili, mchoraji Stephen Gammell. Huyu si mchoraji wa kubahatisha. Mwaka 1989 alipata medali ya Caldecott, ambayo kwa Marekani ndiyo heshima kubwa ya wachoraji wa vitabu vya watoto. Aliipata kwa kitabu kingine kabisa, cha babu mchangamfu anayewachezea wajukuu wake ngoma za zamani. Picha za rangi, zinachekesha, zina upendo.

Mtu huyo huyo, kwenye vitabu vya Schwartz, alichora kitu kingine. Nyeusi na nyeupe tupu. Nyuso zisizo na macho. Mistari inachuruzika kama wino umemwagika, inaning'inia kama utando wa buibui au mizizi ya mti. Mara nyingine picha inatisha kuliko hadithi iliyo karibu nayo. Unasoma stori ya kawaida tu, hata ina utani ndani yake, unafunua ukurasa, unakutana na uso wa mwanamke aliyeoza anakuangalia.

Kwenye kitabu cha tatu kuna hadithi ya Harold. Wachungaji wawili, kwa kuchoka na upweke wa milimani, wanatengeneza sanamu la majani wanalipa jina la mtu wanayemchukia. Wanalitukana, wanalipiga, wanalipaka chakula usoni. Siku moja sanamu linaguna. Sitawamalizia wale ambao hawajasoma, ila mwisho wake unahusu ngozi na paa la nyumba, na si ngozi ya mnyama. Soma hiyo ukiwa na miaka tisa, halafu angalia picha ya Gammell, halafu zima taa ulale. Jaribu.

Ukisikiliza watu waliokua na hivi vitabu wanavyovizungumzia leo, utaona kitu. Wengi hadithi wamezisahau nusu. Picha hawajasahau hata moja.

Wazazi nao walikuwa na hoja

Ni rahisi sisi vijana kuwacheka wale wazazi, tukasema walikuwa wanakuza mambo. Tuwasikilize kwanza.

Hoja ya kwanza ilikuwa umri. Vitabu vilikaa kwenye maktaba za shule za msingi, mtoto wa miaka saba anavifikia mwenyewe. Kuna watoto walikosa usingizi kweli, na anayekesha naye usiku wa manane ni mama yake, mkutubi yuko kwake kalala.

Hoja ya pili ilikuwa ukatili. Watu wanauawa, wanakatwa viungo, kuna hadithi ya mchinjaji anayetengeneza soseji za nyama ya watu. Walikuwa wanasema kama hizi stori zingekuwa filamu, mtoto asingeruhusiwa kuingia ukumbini.

Hoja ya tatu ndiyo naiona nzito zaidi: hakuna funzo. Mbaya haadhibiwi, mwema haokoki, hadithi inaisha tu. Sisi tuliokulia kwenye ngano za sungura na fisi, ambapo mwishoni mwalimu anauliza hadithi hii inatufundisha nini, tunaielewa hiyo hoja vizuri. Mtu mzima anataka hadithi ya mtoto iwe na kazi.

Marekani wana utaratibu wa malalamiko ya namna hii. Mzazi anajaza fomu, anaeleza kitabu gani, ukurasa gani, na anataka nini kifanyike. Shule au maktaba inaunda kamati, kamati inasoma kitabu, inaamua. Kinaweza kubaki, kinaweza kuhamishiwa kwa watoto wakubwa, kinaweza kuhitaji ruhusa ya mzazi, au kinaondolewa kabisa. Hizo fomu na barua ndizo baadhi zinafika ALA na kuingia kwenye ile orodha.

Sasa hebu angalia hiyo fomu vizuri. Nani anaijaza? Mtu mzima. Mtoto aliyekipenda kitabu mpaka akakisoma mara sita hana fomu. Hana barua kwa mhariri. Hana kiti kwenye kamati. Maoni yake yako kwenye kadi ya kuazimia na kwenye jalada lililochakaa, na hakuna ofisi inayokusanya majalada yaliyochakaa.

Ndiyo maana orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa ilikuwa inasomwa kama vile ndiyo maoni ya wasomaji, wakati ni maoni ya upande mmoja. Tena upande ambao, kwa sehemu kubwa, kitabu hakikuandikwa kwa ajili yake.

Haikuwa mara ya kwanza

Waliojua historia walikuwa wanakumbuka mwaka 1954. Wakati huo watoto wa Marekani walikuwa wamelewa vitabu vya katuni vya kutisha, vya senti kumi, kama Tales from the Crypt. Daktari wa akili Fredric Wertham akatoa kitabu akisema katuni zinaharibu watoto na kuwapeleka kwenye uhalifu. Baraza la Seneti likafanya vikao New York. Wachapishaji wakaogopa, wakajiundia wenyewe sheria kali za nini kichorwe na nini kisichorwe, na hata maneno ya kutisha kwenye majina ya katuni yakapigwa marufuku. Ndani ya muda mfupi katuni za kutisha zikafa. Tales from the Crypt ilitoa toleo la mwisho 1955.

Pale wakubwa walishinda kwa kishindo, na wasomaji wenyewe hawakuulizwa. Kwa hiyo miaka ya 1990 ilipofika, na Schwartz akawa amefariki mwaka 1992 kabla hata vita haijaiva, ungeweza kubeti kwamba yatatokea yale yale. Mwandishi hayupo kujitetea. Gammell naye si mtu wa kutokea kwenye mahojiano. Kitabu kilibaki peke yake.

Hakikufa. Wakutubi wengi walikitetea, na sababu yao kubwa ilikuwa rahisi: hiki ndicho kitabu ambacho mtoto asiyependa kusoma anakiomba kwa jina. Ukimwondolea hicho, humpi kingine, unampeleka kwenye TV. Kwenye orodha ya muongo uliofuata, 2000 mpaka 2009, kilishuka mpaka namba saba. Bado kiko juu, lakini kinapumua.

Mwaka waliobadilisha picha

Halafu ukaja mwaka 2011. Mfululizo umetimiza miaka 30, mchapishaji HarperCollins anatoa toleo la kuadhimisha. Hadithi ni zile zile. Picha za Gammell zimeondolewa zote. Mchoraji mpya ni Brett Helquist, yule aliyechora vitabu vya A Series of Unfortunate Events. Ni mchoraji mzuri, sina ugomvi naye. Mistari yake ni safi, watu wana macho na pua mahali pake, mzimu unaonekana kama mzimu wa kawaida. Ila hazikunyimi usingizi.

Kilichotokea nadhani kiliwashangaza. Wale watoto wa tochi na blanketi walikuwa wameshakua. Sasa wana miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu. Wana kazi, wana pesa, wengine wana watoto wao na walikuwa wanakwenda dukani kuwanunulia kitabu kile kile kilichowatisha wao. Wanafungua, wanakuta picha za kistaarabu. Wakawaka moto. Wakaanza kupeana habari watu watafute nakala za zamani kabla hazijaisha. Wakaweka picha za toleo la zamani na jipya pembeni kwa pembeni kila mtu ajionee. Kwa mara ya kwanza tangu 1981, wasomaji waliokipenda wakiwa wadogo walikuwa wanatoa maoni yao kwa sauti, na ilikuwa sauti kubwa kuliko ya fomu.

Na upande wa pili je? Waliolalamika miaka yote walitulia? Mwaka 2012, yaani mwaka mmoja tu baada ya picha kupozwa, mfululizo ulikuwemo tena kwenye kumi bora ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi Marekani. Sababu ni zile zile, umri na ukatili. Ni kweli kwamba nakala za zamani zilikuwa bado zimejaa maktaba, kwa hiyo si zote zilikuwa lawama za toleo jipya. Lakini faida ya kupoza picha haikuonekana. Walalamikaji hawakuridhika, na wapenzi wa kitabu wakahisi wameibiwa.

Mwaka 2017 HarperCollins wakarudisha vitabu na picha za Gammell, vile vile kama vilivyokuwa.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2019, filamu ikaingia kwenye majumba ya sinema. Mtayarishaji mmojawapo alikuwa Guillermo del Toro, jamaa wa Mexico mwenye Oscar, ambaye ni mpenzi wa hizi picha kiasi kwamba alikuwa amenunua baadhi ya zile halisi. Mwongozaji ni André Øvredal kutoka Norway. Filamu haikutegemea majini mapya peke yake. Ilichukua michoro ya Gammell na kuifanya itembee: Harold, yule mwanamke mweupe mnene wa kwenye ndoto, maiti inayotafuta kidole chake. Iliingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani. Kile kilichokuwa kesi kwenye fomu za malalamiko ndicho kilichouza tiketi.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi?

Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa zinasema kitu kimoja. Mzazi alisema picha hizi zitakaa kichwani mwa mwanangu miaka na miaka. Mtoto naye, alipokua, akasema picha hizi zimekaa kichwani mwangu miaka na miaka. Walichotofautiana ni kama hiyo ni hasara au ni zawadi.

Na hapo ndipo hoja ya funzo inaponikaa vibaya. Hizi stori za kutisha, za kwao na za kwetu, hazikuwahi kuwa na kazi ya kufundisha adabu. Ukisikia usiku bwenini mtu anasimulia, umeme umekatika, kila mtu kajikunyata, hakuna anayesubiri funzo. Mnachofanya ni kuogopa pamoja. Unaogopa, unacheka, unagundua asubuhi imefika na bado mzima. Mtoto anajifunza kwamba hofu ina mwanzo na ina mwisho, na kwamba anaweza kufunga kitabu mwenyewe. Hilo huwezi kuliandika kama jibu la swali la mwalimu.

Hata hivyo simtupi yule mzazi. Mtoto mmoja anaweza, mwingine hawezi, na anayemjua ni aliye naye nyumbani. Mzazi kumwambia mwanae hiki bado, subiri mwaka kesho, hiyo ni haki yake kabisa. Shida inaanza pale anapotaka watoto wa wenzake wote wasubiri na wa kwake. Wa kwake ana usingizi mwepesi, sawa. Wa jirani huenda hicho ndicho kitabu cha kwanza atakachokimaliza maishani.

Kinachonigusa zaidi ni ule muda. Maoni ya wakubwa yalifika ofisini siku ile ile yalipoandikwa. Maoni ya watoto yalichukua miaka thelathini, mpaka wenyewe wakawa watu wazima wenye pochi, ndipo mchapishaji akayasikia. Kuna vitabu vingapi havikuwa na bahati ya kusubiriwa hivyo? Zile katuni za 1954, mtoto aliyezipenda alipofika umri wa kusikilizwa, zilikuwa zimeshazikwa zamani.

Kwa hiyo kama una mdogo wako, au mtoto wa dada, na umemkuta ndani ya neti usiku kajifunika shuka anasoma kitu cha kutisha kwa mwanga wa simu, usianze kwa kumnyang'anya. Muulize amefika wapi. Mwambie akusimulie. Akiwa anaogopa kweli utamjua kwa sauti. Na akikurukia mwishoni na kupiga kelele, basi ujue kitabu amekielewa vizuri kabisa.